Nepi za Fainali

Rola ya kushindilia udongo ilizama kwenye kona ya kusini ya uwanja wa tenisi, ikakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Naftali aliisukuma kwa bega, halafu kwa mgongo, halafu kwa matusi ya Kikikuyu. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Fainali ya wanawake ilikuwa saa nne.

"Shemeji," akasema, "nimeuzamisha uwanja."

Rahab, mke wa ndugu yake, alikuwa amesimama kwenye lango na sare yake ya kazi. Alikuwa ametoka shifti katika nyumba ya wazee kule New Hope, akapitia hapa Apple Valley kumletea chai.

"Umeuzamisha na nini? Mvua haijanyesha wiki nzima."

"Na mpira wa maji. Jana jioni. Nilimwagilia mara mbili, kwa sababu fainali ni fainali."

Ndivyo walivyofanya Nyeri. Unalowesha jioni, upepo mkavu unakunywa, na kukicha udongo umekaza kama ngozi ya ngoma. Lakini hewa ya Juni ya Minnesota ilikuwa imeshiba yale maziwa elfu kumi wanayojisifia kwenye namba za magari. Haikuwa na kiu ya maji ya mtu.

"Na si ulimwambia Mark wewe ni fundi?"

Alimwambia. Mark, meneja wa klabu, alikuwa ameleta udongo mwekundu kwa malori ili mashindano makubwa ya jimbo yafanane na yale ya Paris kwenye televisheni, na hakuwa na mtu wa kuutunza. Naftali akamweleza kwamba kule kwao aliwahi kushindilia udongo wa kichuguu mgumu hivi kwamba bingwa mmoja alipiga mpira Jumamosi, ukadunda, ukapita mawingu, ukarudi Jumapili watu wakitoka kanisani. Mark alicheka mpaka akajifuta machozi, akampa kazi. Ukweli ulikuwa mfupi na hauna chumvi: Naftali alikuwa akifagia mistari tu. Maji na rola vilikuwa vya mzee Kamau, fundi mwenyewe wa uwanja ule.

Sasa karatasi za Naftali za kukaa Marekani zilikuwa zinaisha mwezi huo huo wa Juni, mwaka wa tisini na sita. Mark alikuwa ameahidi kusaini barua ya wakili Jumatatu, kueleza kwamba fundi wa udongo kama huyu hapatikani, mradi fainali iende vizuri. Bila barua, ni ndege ya kurudi kwao.

"Omba," Rahab akasema.

"Nimeomba. Mungu ameniangalia tu, vile unaniangalia."

Rahab akaenda kwenye buti la gari, akarudi na boksi lililopasuka. "Kazini walisema zitupwe. Nikaona ni dhambi."

"Shem, hizo ni nepi za wazee."

"Moja inamshika mzee wa kilo mia mpaka asubuhi. Kona hii ni nani?"

Wakaivuta rola pamoja mpaka ikatoka, kisha wakazitandaza nepi kama wanaoanika omena. Nepi zikafura, zikawa na sura za watu walioshiba. Walipozitoa, Naftali akanyunyiza udongo mkavu juu na kusawazisha kwa ufagio. Saa nne ilipofika, kona ilifanana na zile nyingine. Kwa macho.

Valentina, bingwa wa mwaka uliopita, alichukua seti ya kwanza. Susan, mwanafunzi wa chuo kikuu, akachukua ya pili. Kwenye ya tatu, mpira wa Susan uliangukia kona ya kusini na haukudunda. Ulikaa pale, kama mgeni aliyeambiwa chai iko njiani. Watu mia tatu wakacheka. Mpira uliofuata ulimvuta Valentina mwenyewe kulekule. Mguu ukazama, goti likajikunja, akaokolewa na uzio. Hapo hakucheka mtu.

Mark akamfikia Naftali kwenye lango. "Kuna nini pale?"

Ulimi wa Naftali ulikuwa na hadithi tayari, na ilikuwa nzuri, ya fuko mkubwa kama ndama aliyechimba chini ya kona. Akamwona Valentina akilisugua goti.

"Ni mimi," akasema. "Niliumwagilia uwanja kupita kiasi. Na Nyeri nilikuwa mfagiaji tu."

"Na ule mpira uliopita mawingu?"

"Haukurudi, bosi. Haukwenda, hata."

"Jumatatu tutaongea," Mark akasema, kisha akamwendea mwamuzi kusimamisha mchezo. Alirudi na dakika ishirini.

Safari hii nepi zilitandazwa mbele ya watu wote. Naftali alichimbua udongo wa juu kwa mikono, akakandamiza, akakamua, akajaza mkavu, akashindilia kwa ubao mpaka viganja vikatoka malengelenge. Rahab alimpokeza nepi moja moja, kama anayehudumia kitandani.

Dakika zikaisha. Valentina akaja.

"Naweza?"

Naftali akasogea kwa magoti. Bingwa akaweka mguu wake mbaya kwenye kona, akauegemea taratibu, akauongezea uzito wote, akauzungusha, akautoa. Alama ya kiatu ikabaki, kila mfereji wake ukionekana. Mwamuzi akainama. Mark akainama. Naftali akalala kifudifudi, shavu karibu na ardhi, akitazama pale kwenye kisigino, penye kina zaidi, kuona kama patang'aa maji.