Patasi za Okia

...na huku jiwe la kunolea linakauka, naongeza maji, naendelea, patasi hii mdomo wake umepinda kama kucha, ukiisukuma moja kwa moja inalika katikati tu na pembe zinabaki butu, ndiyo sababu Ochwo anapita nyuma yetu wanafunzi wake, hapa barazani kwake Merikit, anarudia, "Mama Barbara, usikandamize, zungusha mukono, pole pole," nami nazungusha, kushoto, kulia, jiwe linalia kwa sauti ileile niliyoamka nayo asubuhi zote za ndoa yangu, Okia akinoa patasi zake kabla ya chai, mgongo wake kwangu, sikuruhusiwa kuzigusa, utajikata, alisema, kisha miaka mitatu iliyopita akasema nakwenda Busia ya Kenya, wiki mbili tu, akaziacha zote sita kwenye kitambaa, nikajua atarudi, fundi haachi patasi zake, kila Jumapili baada ya kanisa nazipaka mafuta zisishike kutu, nazirudisha vilevile alivyozipanga... "Geuza, pitisha kidole," anasema Ochwo, napitisha, upande wa ndani kuna ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, unakwaruza kidogo, maana yake nimefika kwenye makali, sasa niuondoe kwa ngozi ya mkanda, mkanda wa Okia huu, Mungu wangu, bado una alama ya tundu alilotumia... mwezi jana Barbara alivuka mpaka kununua sabuni akamkuta babake, ana karakana, ana mashine, ana patasi mpya zinang'aa ukutani, akauliza, "Mama yenu mzima?" basi, nikamwuliza mtoto mara tatu, hakuuliza patasi? hakuuliza hata moja? "Hakuuliza, mama," na hapo ndipo nililia, si siku aliyoondoka... najaribu kwenye ubao, uchane wa mbao unatoka mwembamba, unajikunja wenyewe, haukatiki, na mtu wa kwanza ninayetaka kumwonyesha ni yeye, asimame hapo tu, atazame, asiseme kitu... Ochwo ameinama, ana kalamu, anaandika majina kwenye mipini ya patasi zisichanganyike, "Hii ya nani?" kinywa kimeshafunguka kusema ya Okia, kama nilivyojibu siku zote, lakini "Yangu," nasema, "andika Harriet," na najiona kama nimeiba, na bado namtaka, hilo halitoki kwa jiwe, naongeza maji, nachukua ya pili.