Moto wa Kuomba kwa Charline

Mimi ni mutu wa kukasirika upesi, na kazi ya kufundisha sala haijaniponya. Pale Kanyaruchinya, katikati ya mahema ya wakimbizi, nilikuwa ninatayarisha wamama kwa ubatizo wa Pasaka. Wote walikuwa wameshika Baba Yetu vizuri. Nyiramahirwe peke yake ndiye aliyenipandisha damu. Akifika kwa "utusamehe makosa yetu" anafunga mdomo, anaangalia mawe meusi ya volkano, halafu anaendelea na "usitutie katika kishawishi" kama vile hakuruka kitu.

"Mama, padri akisikia hivyo atakurudisha hadi mwaka kesho!"

"Mama Séraphine, mimi sitamudanganya Mungu." Akaonyesha kwa kidevu hema la jirani. "Charline yule, kule Masisi mbuzi wake walimaliza maharage yangu. Watoto wangu wakalala njaa, na hakukuja hata kusema pole. Vita ikatukimbiza wote, na ona walipomuweka: mlangoni kwangu!"

"Basi umusamehe!"

"Kwa mdomo? Si unajua za kwetu? Mutu mliyegombana naye humuombi moto."

Na ni kweli. Kwetu milimani kiberiti ni cha kuwashia sigara. Moto wa kupikia unauomba kwa jirani, unabeba kaa juu ya kigae, na mukiombana moto mumepatana. Kila asubuhi Nyiramahirwe alipita hema la Charline akaenda kuomba mbali.

"Shauri yako," nikamwambia. Lakini roho iliniuma. Hakuna aliyeutamani ubatizo ule kama yeye. Kitenge chake cheupe alikuwa amekwisha kukifua.

Siku ya Pasaka tuliamka mvua imezima karibu majiko yote. Nikapita kuwaita wanafunzi wangu. Moshi ulikuwa unatoka hema moja tu, la Charline. Nyiramahirwe alisimama mlangoni kwa hema lake mwenyewe na kigae mkononi, watoto wakimlilia uji. Mama Lucie, jirani mwingine, akatoka kwa Charline na kaa lake.

"Lete kigae nikugawie, dada."

Nilishusha pumzi. Lakini Nyiramahirwe akatikisa kichwa.

"Asante, Mama Lucie. Leo nitaomba mwenyewe."

Ee Mungu wangu! Akavuka zile hatua chache kama mutu anayepanda mlima.

"Charline, ninaomba moto."

Charline akatoka. Akamuwekea makaa mawili makubwa kwenye kigae.

"Yale maharage, dada yangu... pole. Niliona haya kuja."

"Nimesikia," Nyiramahirwe akasema.

Akarudi akipuliza makaa yasizime. Alipofika kwangu akasimama.

"Mwalimu, sasa unisikilize."

Akasema Baba Yetu yote, pale pale kwenye matope, bila kuruka neno. Mimi niliyemfundisha nilikuwa ninajifuta machozi, hata nikasahau kuitikia amina. Aliyeitikia ni Charline, toka mlangoni kwake.