Jumapili ya Kuvua Chuma

"Mama, leo Atoo anavua chuma cha mguu," Whitney alisema, huku amempa mama yake mgongo amfunge vifungo vya gauni. "Anavua mbele ya watu wote, halafu anatembea."

Nasike aliacha kifungo katikati. "Nani amesema?"

"Sisi wote. Si ni wewe ulitufundisha?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Nasike alikuwa amejikwaa ulimi miezi mitatu iliyopita bila kujua. Alikuwa Mbukusu wa Bungoma, fundi cherehani aliyeshona sare za shule Nakasero, mjini Kampala, siku sita za wiki na kufundisha watoto wa kanisa siku ya saba. Cheti cha ualimu hakuwa nacho. Alipewa darasa kwa sababu kanisa lile la mabati, chini ya kilima cha Kibuli, lilijaa watoto wa kambi ya polisi, Waacholi, Walango na Wateso, ambao lugha yao moja ilikuwa Kiswahili cha kambini. Na watu wa Kampala wanaamini Mkenya huzaliwa na Kiswahili mdomoni. Basi ikawa hivyo, mwalimu akapatikana.

Siku ile ya kujikwaa ulimi aliwasimulia habari ya mtu aliyepooza, ambaye rafiki zake walimteremsha kupitia paa. Bwana alimsamehe dhambi kwanza, kisha akamwambia ainuke aende. Watoto walipenda sana sehemu ya kubomoa paa. Ndipo Bonny, mtoto asiyeacha swali lipoe, akauliza, "Mwalimu, kwa nini Atoo haponi?"

Atoo alikuwa palepale mkekani, msichana wa miaka minane, mguu wa kushoto umebanwa kati ya vyuma viwili na mikanda ya ngozi, na chini buti zito. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na malaria, na mama yake akambeba hadi duka la dawa la Concy, hatua chache kutoka lango la kambi. Concy akamdunga sindano ya kwinini kwenye tako. Homa ilishuka, lakini mguu ulilala na haukuamka tena. Daktari alisema sindano imechoma mshipa wa fahamu. Kambi nzima iliijua habari hiyo, na Concy alikuwa akikaa safu ya tatu kila Jumapili, kitambaa cheupe kichwani, akiimba kwa sauti kuliko wengi.

Nasike angeweza kusema hajui. Ni neno jepesi, lakini walimu hulionea aibu. Badala yake alisema kwamba kinyongo hufunga mlango wa uponyaji, na Atoo akimsamehe kwa moyo wote mtu aliyemkosea, Mungu atamponya. Yeye aliwaza moyo. Watoto waliwaza mguu. Na tuseme kweli, hata yeye hakuwaza sana. Njaa ilikuwa inamuuma na kipindi kilikuwa kinakwisha.

"Niambie yote," alimwambia binti yake sasa.

Whitney akasimulia. Tangu siku ile, kila ibada ilipokwisha, watoto walimsindikiza Atoo hadi kwa Concy. Atoo alinyoosha mkono na kusema amemsamehe. Concy alimpa pipi na kutazama pembeni. Kisha wote walikwenda nyuma ya choo cha kanisa, wakamfungua Atoo mikanda, wakamwambia asimame. Akaanguka. Bonny akatoa hukumu kwamba hakusamehe vizuri. Jumapili iliyofuata wakarudia. Wakati mwingine walimwamuru aje bila kunywa chai, wakati mwingine alie kidogo anaposema, ili Mungu aone hatanii. Walikuwa wamemjaribu mara kumi na moja. Leo ilikuwa Siku ya Watoto, na baraza lao lilikuwa limegundua kosa: mambo ya Mungu hayafanyiwi nyuma ya choo. Yangefanyika madhabahuni.

"Na akianguka tena?"

Whitney alifikiri. "Basi ana roho mbaya. Tutamwacha."

Nasike aliogopa. Magoti ya mtoto hupona kwa wiki moja, hilo halikumsumbua. Lakini Atoo angeinuka sakafuni, mbele ya watu mia mbili, akiamini kwamba Mungu amemchungulia ndani akamkataa. Nani angeweza kumtoa humo?

Walipofika kanisani wimbo wa kwanza ulikuwa umeanza. Atoo alikuwa amesimama karibu na mlango, peke yake, ameegemea ukuta.

"Atoo, njoo tuongee kidogo."

"Mwalimu, usiniambie maneno ya kukasirisha," mtoto alisema haraka. "Mimi leo hapana kasirika na mtu yeyote tangu asubuhi. Bonny alinikanyaga, mimi nikanyamaza. Naweka roho safi mpaka saa yangu ifike."

Alisema hivyo kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Neno lolote ambalo Nasike angesema lingemwaga yale maji, na lawama angebeba mtoto. Akampapasa bega akapita. Huo ulikuwa woga, na alijua kuwa ni woga.

Ndani, Aloyo, mama yake Atoo, alimvuta mkono. Alikuwa na mfuko wa plastiki mapajani, akaufungua kidogo amwonyeshe. Viatu vya ndara vyekundu, vipya, pea nzima.

"Tangu augue hajavaa pea," Aloyo alinong'ona. "Buti la chuma na kiatu kimoja, buti na kiatu kimoja. Baba yake anasema mimi mwenda wazimu kununua. Mwalimu, wewe unasema nini?"

"Mama Atoo..." Nasike alianza, na Aloyo akamtazama kwa macho yenye tumaini hata ikawa haiwezekani kuendelea.

Akaenda kwa Mchungaji Dawudi, aliyekuwa akipanga viti vya wageni wawili kutoka kanisa kubwa la mjini. Akamweleza kwa kifupi. Mchungaji hakushtuka. Alikuwa na habari tayari, na uso ulikuwa unameremeta.

"Nyabo," alisema, kwa Kiganda cha kumheshimu bibi, "mtoto mwenyewe amekuja kuniomba nafasi. Mimi nani nizime moto kama huo?"

"Mchungaji, ni mimi niliyewadanganya. Mshipa ule ulikufa. Daktari alisema."

"Daktari anasema yake, Mungu anasema yake. Kaa, nyabo. Usilete mashaka leo, wageni wako hapa."

Nasike akakaa. Usimhukumu haraka, wengi wetu tungekaa. Alijiambia kwamba pengine Mungu ataamua kumsitiri, na kwamba miujiza si hadithi. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa na ladha ya uongo.

Watoto waliimba nyimbo mbili. Kisha Bonny akasogeza maikrofoni chini, na Atoo akapanda ngazi mbili za madhabahu, chuma kikigonga saruji.

"Mimi naitwa Atoo," alisema. "Mama Concy alinidunga sindano mbaya. Mimi nasamehe yeye. Nasamehe yeye kabisa, hapana baki hata kidogo. Sasa mguu yangu itapona."

"Amina!" kanisa likaitika. Mtu akapiga kigelegele. Concy alikuwa ameinamisha kichwa, kitambaa cheupe kikiangalia watu.

Atoo akaketi kwenye ngazi akaanza kufungua mikanda. Wa kwanza ukatoka. Akafuta jasho la mkono kwenye gauni akashika wa pili. Watoto wenzake walikuwa wamesogea, wanamtazama bila kupepesa, na Whitney alikuwa miongoni mwao. Mguu ulipotoka kwenye vyuma ulikuwa mwembamba kama mkono. Atoo akashika kiti cha mgeni mmoja, akaanza kujivuta ainuke.

Nasike hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika pale. Alijikuta amepiga magoti kwenye ngazi, amemshika mtoto kiunoni.

"Usisimame," alisema. "Atoo, usisimame, utaanguka."

"Niache! Nimesamehe yote!"

"Najua umesamehe. Ulisamehe vizuri tangu siku ya kwanza. Mwenye kosa ni mimi."

"Nyabo," Mchungaji alisema kwa sauti ya chini, akiwaangalia wageni, "mwachie mtoto imani yake."

"Si imani, Mchungaji. Ni ahadi niliyoitoa mimi, na haikuwa yangu kuitoa." Nasike alishakwenda mbali mno kurudi. Akawageukia watoto. "Nisikilizeni. Niliwaambia mtu akisamehe, Mungu lazima amponye. Sikujua nilichosema. Mungu anaweza kumponya Atoo, lakini hakuniambia atamponya, wala lini. Na kama haponi, si kwamba roho yake ni chafu. Bonny, umesikia? Whitney? Kila mara mlipomwangusha nyuma ya choo, ni mimi niliyemwangusha. Atoo, nisamehe."

Hapakuwa na amina. Aloyo alikuwa ameufumbata mfuko wake kwa mikono miwili. Atoo akaachia kiti, akaketi tena, akamtazama mwalimu wake kwa hasira ambayo alikuwa ameizuia tangu asubuhi, pengine tangu miezi mitatu iliyopita.

"Mguu haiponi leo?"

"Leo, hapana."

"Basi mimi narudisha," Atoo alisema, na maikrofoni ikalichukua neno hadi mlangoni. "Mama Concy, nimerudisha samahani yangu. Sikusamehe tena."

Kanisa likaguna. Mama mmoja akasema mtoto afungwe mdomo, na Mchungaji akainua mkono aanzishe wimbo. Lakini safu ya tatu ilikuwa inafungua njia. Concy alikuwa anatoka, akikanyaga miguu ya watu bila kuomba radhi. Alikuja hadi kwenye ngazi na hakukaribia zaidi.

"Afadhali," alisema. Sauti iliyozoea kuimba ilikuwa imekauka. "Hiyo samahani ilikuwa inanichoma. Kila Sande mtoto anakuja kunipa, na mimi sijaomba hata siku moja. Nikampa pipi." Akaliangalia kanisa. "Mimi si nesi. Nyote mnafikiri mimi nesi. Hospitali nilikuwa nafua mashuka. Niliona manesi wenyewe wanadunga, nikasema hata mimi naweza. Siku ile mkono ulijua umekosea mahali. Mtoto alilia vibaya, mimi nikamwambia mama yake ni homa."

Aloyo alitoa sauti ndogo, si neno. Nasike alidhani atamrukia Concy, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakumrukia. Alikaa palepale.

Concy akapiga magoti, taratibu, maana hakuwa kijana. "Atoo, sasa ndio naomba. Ukikataa, ni haki yako. Pipi sina."

Hakuna aliyemsaidia mtoto kujibu. Nasike alitamani kumnong'oneza jibu zuri, kama mwalimu, na akauma ulimi.

"Mwalimu, wewe nenda kaa," Atoo alisema. "Yako nitafikiri kesho."

Nasike akainuka akaenda kukaa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Atoo alivikokota vyuma vyake kutoka pembeni, akaviweka mbele ya Concy. Halafu akaunyanyua mguu kwa mikono miwili, akaulaza mapajani mwa yule mama.

"Nivalishe."

Concy aliushika mguu ule kwa mara ya kwanza tangu siku ya sindano. Akauingiza kwenye buti, akatafuta mkanda, akaukaza.

"Si hapo," Atoo alisema. "Tundu ya tatu. Ukikaza sana, inaniumiza."

Concy akalegeza.