Korongo wa Wilaya Iliyofutwa

Jana mchana, si usiku kama waotao kwa adabu, fundi Zaina Shemhilu wa Lushoto alipitiwa na usingizi juu ya cherehani yake. Halmashauri ilimpa kazi ya kushona bendera ya Brennau, wilaya ya Ujerumani ambayo wageni wake wangefika saa kumi. Bendera ilikwisha: kijani juu, nyeupe chini, gurudumu jekundu katikati. Kilichomkosesha raha ni sentensi moja kwenye karatasi ya maelezo: "Mwaka 1972 Wilaya ya Altmoor ilifutwa, ikaunganishwa na Brennau."

Ndotoni anaiona Altmoor ikifutwa. Mhuri wa ofisi, mkubwa kama mtu na amevaa tai, anapita juu ya ramani na kitambaa kibichi, anasugua. Mto unatoka. Kanisa linatoka kwa shida, linaacha doa. Watu wa Altmoor wamebanana kwenye kipande kilichobaki na masufuria yao na baiskeli zao, wanaombana radhi.

"Shikamoo," anasema Zaina, maana hajui mhuri ana umri gani.

"Marahaba. Inua mguu nifute hapo."

Anainua. Alikuwa amekanyaga shule ya msingi.

Anakuja ndege korongo akichechemea, mguu mmoja umeshafutwa. "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye bendera yao," anasema. "Nishone kwenye hiyo yako, fundi. Nikiwepo mimi, na wao wapo."

"Picha niliyopewa haina ndege."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Nitaaibika mbele ya wageni."

"Afadhali wewe una pa kuaibikia."

Mara wako kwenye ngazi za halmashauri, mara sokoni kati ya mafungu ya pilipili hoho, na kitambaa kinawafuata. Mhuri anasoma orodha yake. "Altmoor tayari. Anayefuata ni mtaa wa fundi."

Maji ya kitambaa yanafika kwenye kizingiti cha duka lake. Hapo Zaina anaogopa kweli. Anatwaa sindano. Uzi uliobaki ni wa kijani, na nafasi iliyobaki kwenye bendera ni ya kijani, basi anashona hivyo hivyo: mdomo, shingo, mguu, kisha na ule mguu mwingine. Mhuri anazunguka na kitambaa chake, hapaoni pa kufuta.

"Fundi Zaina." Mzee Kibua, tarishi wa halmashauri, alikuwa amesimama mlangoni. "Wageni wameshapita Soni. Bendera iko tayari?"

Zaina aliinua kichwa, akaitazama. Ilikuwa sawasawa na picha, ndege hakuna. Akamshukuru Mungu, akaanza kuikunja. Kiganja chake kilipopita juu ya kijani, kitu kikamkwaruza. Akakirudisha kiganja polepole: mdomo, shingo, mguu, mguu.

"Ina kasoro?" aliuliza Mzee Kibua.

"Haina." Alimkabidhi kwa mikono miwili. "Ila ibebe taratibu, mzee wangu. Ina watu."