Mstari wa Majani Bwawani

Mvua ilikuwa ikinyesha nyuma ya kijiji cha Vihingo, kijito kinakotoka, tangu jana, lakini maji ya bwawa mbele ya kibanda cha pampu yalikuwa meupe. Mzee Mwinyimadi, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyachota kwa kata, akayatazama, akayanywa.

"Haya, mama fundi, washa. Wapishi wa maulidi wananingoja."

Stellamaris, fundi wa pampu, aliiacha swichi. Alikuwa ametoka kwake Sofu, Kibaha, kabla hakujapambazuka, na hakuwa amepumzika wiki nzima. Hii ilikuwa pampu ya pili kuifunga hapa. Ya kwanza iliuawa na tope, na kina mama wakarudi kubeba maji ya kisimani. Pampu ya tatu haikuwapo.

Alitazama mahali kijito kinapoingilia. Majani makavu na povu vilikuwa vimejipanga mstari juu ya maji, havisogei.

"Usinikasirikie, babu. Pale kwenye majani ndipo maji ya tope yanapozama. Ni mazito, yanapita chini ya haya meupe. Tena yanajivurugavuruga njia nzima, kwa hiyo tope halitui. Linakuja hadi kwenye bomba."

"Mimi sioni kitu."

"Kata inachota juu. Bomba lenu mmelilaza chini."

Wanakijiji walilishusha wenyewe wakati wa kiangazi, maji yalipopungua, na hakuna aliyekumbuka kulipandisha.

Stellamaris aliifunga chupa jiwe, akaiziba kwa gunzi lenye uzi, akaizamisha kwa kamba. Ilipofika chini alivuta uzi, gunzi likachomoka. Chupa ilirudi na maji mekundu ya tope.

Mwinyimadi aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga. "Sasa wageni watapikiwa kwa maji gani?"

"Nipeni madumu matupu. Tutaliinua bomba lielee juu."

"Tumekuja kujaza, wewe unatunyang'anya," alisema Kidawa, mmoja wa wanawake waliokuwa kwenye foleni. "Utanibebea ndoo kichwani?"

"Dada, leo hata mimi nataka kubebwa."

Kidawa alicheka, akamrushia dumu lake.

Stellamaris aliingia hadi kifuani. Miguuni alihisi maji ya baridi yakimsukuma, yakiacha, yakisukuma tena bila mpangilio. Tope lilikuwa limefika. Alifunga madumu mdomoni mwa bomba hadi likaelea karibu na uso wa maji, kisha akaashiria pampu iwashwe.

Maji yaliyotoka yalikuwa meupe.

Aliketi ukingoni. Mwinyimadi alichota kwa kata, akammwagia miguuni, polepole, hadi tope likatoka.

"Utakula pilau ndipo uondoke."

"Niamsheni ikiiva," alisema, akajilaza palepale.