Nani Yumo Ndani ya Ua?

Nyumbani kwa Shangazi hapapikwi chakula cha watu watatu. Ukipika cha watatu watakuja saba, na wote watakuwa wamejua kilichomo kabla sufuria haijafunuliwa. Ndiyo maana Jumamosi hiyo Matone alipofika na habari yake mbaya, alikuta sebule imefurika hadi mlangoni.

Matone ni jina la utani. Binti huyu, mtoto wa kaka yake Shangazi, anasoma kemia, na kazi yake ni kukaa maabara akitazama maji ya maua yakidondoka tone, tone, kutoka kwenye mrija mrefu wa kioo, ili kila kilichomo kitoke peke yake. Maua yenyewe ni ya kichaka cha manjano kilichopo mbele ya nyumba hiyohiyo. Shangazi alikipanda kwa mkono wake, na hukisalimia kila asubuhi kwa heshima ambayo baadhi ya ndugu hawaipati.

Baba Mdogo, ndugu yake Shangazi, alitaka king'olewe apate pa kuegesha gari lake la mizigo. Kaka na dada waligombana wee, mwisho wakapatana: Matone akikuta ndani ya ua kitu kisichojulikana, kichaka kinabaki. Asipokuta, shoka.

Na wiki hiyo Matone alikuwa amekuta! Mafuta mazito, safi, yasiyo na rangi. Alipiga simu akipiga vigelegele, na Shangazi hakungoja neno la pili. Kufikia jioni mafuta yale yalishaanza kutibu migongo, kuondoa makunyanzi na kurudisha waume waliopotea.

"Haya mwanangu, waambie wageni," Shangazi alisema akimvuta katikati ya sebule. "Kitu chetu kinaitwaje?"

"Kilainishi, Shangazi."

"Mmesikia? Kilainishi! Cha ngozi!"

"Cha plastiki."

Hata mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza asikie vizuri.

Matone akaeleza. Aliyaloweka maua kwenye spirti, kisha akayahamisha maji yake kwa mpira laini wa plastiki wa kupitishia maji, aliouazima jikoni kwa Shangazi. Spirti ikaramba mpira, ikatoka na mafuta yanayoufanya ulegee. Mwalimu wake alitazama mara moja tu uzito uliosomwa na mashine, wala hakukaa, akauliza: "Mpira uliupitisha wapi?"

Baba Mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote ya shule! Umeingia ndani ya ua, umetoka na mpira!" Akajifuta machozi, akaenda stoo kuchukua shoka.

Kicheko hakikumuuma Matone. Kilichomuuma ni Shangazi, aliyekwenda dirishani kukitazama kichaka chake kama anayekiaga. Matone akamfuata Baba Mdogo stoo, akafunga mlango, giza likawa totoro.

"We mtoto, nini tena?"

"Nimerudia kwa vyombo vya kioo pekee. Tazama."

Akatoa kibao kidogo chenye unga mweupe, akakimulika kwa taa yake ya zambarau. Madoa yakajitokeza, moja juu ya jingine.

"Nimeweka tone la maji ya maua chini, nikakichovya kwenye dawa, ikapanda nalo," alisema Matone. "Ni kama wageni kwenye ngazi. Mwepesi anafika juu, anayeng'ang'ania ukuta anabaki chini."

"Huyu mwekundu wa juu?"

"Ukijani wa majani, taa hii hubadilisha rangi. Yumo kila mahali."

"Mpenda shughuli, namjua. Na huyu mweusi?"

"Rangi ya manjano. Hata maganda ya vitunguu yanaye."

"Huyu wa buluu, kajibanza peke yake?"

"Simjui."

Baba Mdogo akainama zaidi. Mtu huyu, mpangaji akihamia mtaani asubuhi, mchana yeye anajua katoka wapi na kwa nini kafukuzwa. "Humjui vipi? Mwalimu wako je?"

"Naye hamjui. Tumemlinganisha na wote walioko kabatini maabara, hafanani na yeyote. Lakini nisikudanganye tena, Baba Mdogo, huenda ni wa kawaida tu. Kumjua kunataka maua mengi, na miezi."

"Anakaa mlangoni petu, anatusikiliza tukigombana, na jina lake hatulijui?"

"Ndiyo hivyo."

Mlango ukasukumwa. "Kuna nani humo?" aliuliza Shangazi, na nyuma yake sebule nzima.

"Funga, dada! Unamfukuza kwa mwanga!"

"Nani?"

"Ndiye tunayemtafuta!"

Waliingia wote, wakabanana kama njiti kibiritini, kila mtu akidai anamjua mzazi wa yule wa buluu. Baba Mdogo alipenya katikati yao bila shoka, akatoka nje na ndoo.

"Ya plastiki hiyo!" Matone alipiga kelele.

Akarudi, akabadilisha, akachukua bakuli kubwa la kioo la Shangazi, lile la wageni wa heshima. Akaanza kuchuma maua kwa haraka, kama mtu anayeogopa kutanguliwa na majirani. Shangazi akamfikia, akampiga kofi mkononi.

"Taratibu wewe! Hilo bado halijafunguka."

"Samahani, dada," alisema Baba Mdogo, akaliachia.