Mahali pa Shahidi

Wakili alimgeuzia mama karatasi, akamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nimemshikia mkoba, na ndipo nilipoliona neno lililochapwa chini ya jina lake: shahidi.

Neno lenyewe nililijua, ila nilitarajia jina lake liwe pia kati ya wenye hisa. Nikaanza upya juu. Kampuni ya kushona sare. Hisa mia moja, sitini za baba mdogo, arobaini za mkewe. Wakurugenzi ni haohao wawili. Vyerehani sita vya mama, alivyovinunua kimoja kimoja tangu baba afariki, vimeandikwa mali ya kampuni. Mama mwenyewe hakuwamo ila hapo chini.

Nikasita kusema. Baba mdogo, aliyekaa kando ya mama, ndiye aliyenisomesha, na kwetu mtoto hamkosoi mkubwa mbele ya watu. Isitoshe, mama alikuwa na furaha. Wiki nzima aliwatangazia majirani kwamba baba mdogo amempa heshima ya kuwa shahidi wa kampuni, kama aliyeombwa kusimamia harusi. Fundi wake wa vifungo alimtania, "Shahidi wa nini, bosi? Kwani kauawa nani?" Tukacheka wote.

Wakili alisema karatasi zikishafika kwa msajili na cheti kikatoka, kubadili chochote kutahitaji ridhaa ya wenye hisa. Mama akaitikia kwa kichwa, akafungua kalamu. Huandika jina lake taratibu, kama anayedarizi. Herufi ya kwanza ikaanza kupinda.

"Mama, ngoja."

Sauti yangu ilitoka ndogo hata wakili akauliza nani amesema. Baba mdogo akanigeukia, anatabasamu kwa mdomo tu. "Msomi wetu ana neno?"

Nikaukazia macho muhuri uliokuwa mezani, maana uso wake nisingeuweza.

"Vyerehani vimo humu," nikasema. "Wewe humo, mama."

Mama hakunitazama mimi wala shemeji yake. Alimuuliza wakili shahidi anamiliki nini.

"Hamiliki kitu, mama. Anashuhudia wenzake wakitia sahihi."

Baba mdogo akacheka, akasema mchapaji amekosea, mambo madogo, yatarekebishwa baadaye. Nikaogopa mama atamwamini, kama siku zote. Mama akaifunga kalamu, akamsogezea baba mdogo.

"Basi ichapwe upya, shemeji. Hisa ziwe zangu, wewe uwe shahidi. Si ulisema ni heshima?"

Mama akazikunja karatasi, akazitia katika mkoba niliomshikia, akamuaga wakili kwa adabu. Tuliposhuka ngazi, mlango wa juu ulifunguka na hatua za viatu vizito vya baba mdogo zikatufuata, bila haraka. Sikuthubutu kugeuka. Mama akanishika mkono, nikadhani ananituliza, mpaka nilipohisi vidole vyake vinatetemeka kuliko vyangu.